Kitunga cha Mukabaranga

Asubuhi hiyo kitunga kilirudi kutoka kwa jirani yao Mukabaranga na maua ndani. Emérita alikiweka mbele ya mama yake, akatoa kibuyu cha maziwa kilichooshwa vizuri, kisha akasogea nyuma kama mtoto aliyevunja kitu. Mukagasana alikuwa anachochea moto. Aliingiza mkono kitungani akitafuta maharagi kama siku zote, akatoa ngumi ya maua makavu ya pareto.

“Ni nini hii?”

“Hiyo njo alinipa, mama.”

“Alisema nini?”

“Alisema, ambia mama aksanti kwa maziwa. Basi.”

“Alikuwa anacheka?”

“Hapana. Alikuwa anafagia kichanja. Alifagia mupaka kwenye pembe, akapata hayo tu.”

Mukagasana aliyarudisha maua kitungani polepole. Katika vilima vile vya Kashuga, ukimpelekea jirani maziwa, kitunga chako hakirudi kitupu. Anaweka maharagi, ao viazi vitatu, ao hata jani la tumbaku, lakini anaweka. Anayerudisha kitunga kitupu amejitangaza kuwa muombaji. Na maziwa nayo hayakataliwi, maana kukataa maziwa ya mtu ni kumwambia kwamba humtaki. Ndivyo walivyoishi, wafugaji na wakulima, na hakuna aliyekumbuka nani alianzisha.

Kanyamibwa, mume wake, aliingia akiinama mlangoni, kofia ya kapita wa kampuni ya maua kichwani. Aliona kitunga.

“Huyu mwanamuke anatutukana,” alisema.

“Hapana. Papa Emérita, kaa kwanza.”

“Maua kwa maziwa? Si matusi hiyo?”

“Kaa.” Mukagasana alitazama mikono yake. “Maharagi alikuwa anatuma wiki hizi zote, ilikuwa na majivu.”

“Majivu gani?”

“Majivu. Kila mara naosha kwanza, maji inakuwa nyeusi, namwaga, napika, tunakula. Na wewe ulikuwa unasema, ya Mukabaranga iko tamu kuliko ya soko.”

Kanyamibwa alikaa. Hakuna mwanamke anayetia majivu kwenye maharagi ya kula. Majivu ni ya mbegu, ili bungo, mdudu wa ghala, asitoboe. Mukagasana alikuwa anajua hilo tangu akiwa mdogo kuliko Emérita. Mikono yake ilikuwa inajua kila asubuhi ikiosha, ila yeye hakutaka kuisikiliza.

“Tulikula mbegu yake,” alisema. “Mimi nilituma maziwa nikidhani namusaidia. Kila kibuyu nilichotuma, alitoa mbegu kukilipa.”

Nje, ng'ombe alilia akitaka kukamuliwa. Kanyamibwa hakuinuka.

*

Ng'ombe yule aliitwa Gaju, kwa ajili ya rangi yake nyekundu, lakini kilima kizima kilimwita Matabishi. Wakati wa vita ya Wazungu, kampuni ya maua ilimpa Kanyamibwa kofia na kumtuma nyumba kwa nyumba awaambie watu wang'oe maharagi na mtama, wapande pareto. Kwa kila nyumba iliyokubali, yeye alipata matabishi yake, bakshishi ya kampuni. Kutoka hayo matabishi ng'ombe akanunuliwa, akaingia zizini pamoja na ng'ombe mzee aliyeachwa na baba ya Kanyamibwa. Mwanzoni Kanyamibwa mwenyewe aliposikia jina hilo alicheka pamoja na wengine. Faranga ilikuwa inaingia, kamio, lori ya kampuni, ilikuwa inapanda kilima kila wiki kuchukua maua, na wanawake walikuwa wananunua maharagi sokoni kama mabibi wa makarani.

Mukabaranga, mjane, mama ya Adelaïde, alikuwa wa mwisho kukubali. Mume wake alikufa kwenye kazi ya barabara, akamwachia watoto na shamba moja chini ya kilima. Alisimama mbele ya shamba hilo akauliza, “Kapita, na tutakula maua?”

“Utakula faranga yake,” Kanyamibwa alijibu, na watu walicheka sana. Halafu akamwambia kwamba asiyepanda atapelekwa mbele ya serikali. Halafu, kwa sababu mjane alikuwa bado amesimama, Kanyamibwa aliingia shambani mwenyewe, akang'oa mstari wa kwanza ili kumwonyesha vile inafanyika. Maharagi yale yalikuwa na maganda yaliyoanza kujaa. Yalitoa sauti ndogo yakitoka udongoni.

Vita iliisha. Kamio ilianza kukosa wiki, halafu mwezi, halafu haikuonekana tena. Kila siku ya Mungu, watu wakitoka misa, Mukabaranga alimngojea Kanyamibwa kwenye njia.

“Kapita, kamio?”

“Wiki kesho, Mama Adelaïde.”

Yeye hakujua kitu. Alisema wiki kesho kwa sababu hakuwa na neno lingine la kumpa, na kwa sababu alikuwa anaona haya kunyamaza. Nyumbani alimwambia mke wake, mupelekee kidogo maziwa ya Matabishi. Baada ya kutoa amri hiyo alikuwa analala vizuri.

*

Siku ile ya maua hakula. Alishuka mpaka depo ya kampuni kwa mguu. Karani Védaste alikuwa amekaa kwenye kiti nje, kitambaa kwenye pua. Nyuma yake, ndani, magunia ya pareto yalikuwa yamefika kwenye mabati.

“Usikaribie mulango, Papa Kanyamibwa. Vumbi yake inaniua.”

“Kamio itakuja lini?”

“Kufanya nini? Hata ya mwaka jana haijaondoka.”

“Niambie maneno ya kweli. Watu wananiuliza.”

Védaste alikunja kitambaa akakiweka mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo hakuwa na kazi.

“Mbele ya vita, maua hii ilikuwa inatoka kwa Mujapani. Yeye njo alikuwa analisha dunia nzima. Vita ikakata njia ya meli yake, Wazungu wakatafuta milima yenye baridi kama yake, wakakumbuka sisi. Askari walikuwa wanaliwa na chawa na mbu, na maua hii inaua wadudu. Unaelewa?”

“Kwa hiyo tulikuwa tumekalia kiti ya Mujapani.”

“Tulikalia wakati alikwenda kupigana. Sasa Amerika wametengeneza poda yao, nyeupe kama bunga ya muhogo. Hailimwi, haingojee mvua. Wiki iliyopita walikuja kupuliza ndani ya nyumba yangu. Kunguni yote ilikufa.”

“Nyumba yako iko hapa nyuma ya depo.”

“Hapo hapo.”

“Na maua yamejaa mupaka juu.”

“Hakuna hata mumoja aliyeyakumbuka,” Védaste alisema, na kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, walicheka wote wawili kidogo, kila mmoja akitazama upande wake.

“Basi niwaambie watu wang'oe,” Kanyamibwa alisema. “Mvua iko karibu. Wapande maharagi.”

Védaste aliacha kucheka. “Neno hiyo usiitoe hapa. Muzungu amesema maua yabaki. Bei inaweza kurudi. Anayeng'oa analipa amandi na anapigwa fimbo, na kapita wake pamoja naye.”

“Hanunui, na hataki tung'oe?”

“Njo vile.”

“Na watu watakula nini wakingojea bei?”

“Hiyo hakusema.”

“Wewe ungefanya nini?”

“Mimi sina shamba, Papa Kanyamibwa,” Védaste alisema kwa upole. “Niko na mushahara.”

*

Alipofika kwa Mukabaranga jua lilikuwa bado juu. Mjane alikuwa anamenya viazi vidogo kama vidole vya mtoto, vile vinavyobaki udongoni baada ya kuvuna. Adelaïde na ndugu yake walikuwa wamekaa karibu wakitazama kisu.

“Karibu, Kapita. Kamio imefika?”

“Hapana.”

“Wiki kesho?”

Kanyamibwa alivua kofia. “Haitakuja. Nimetoka depo. Hawahitaji maua tena.”

Mukabaranga aliendelea kumenya. “Aksanti kwa kusema,” alisema. “Na kitunga, kilifika?”

“Kilifika. Nimekuja juu yake.”

“Maua ilikuwa kidogo? Kichanjani hakuna mengine. Yaliyobaki iko shambani, na ya shambani ulisema ni ya kampuni.”

“Mama Adelaïde, ulikuwa unatutumia mbegu.”

“Nilikuwa natuma kile kilikuwa.”

“Ungesema.”

“Ningesema nini?” Sasa aliweka kisu chini. “Mutoto wako anakuja na maziwa. Anasimama pale, anangojea kitunga. Nimurudishe mikono mitupu, mama yake ajue nimekuwa muombaji wake? Ao nikatae maziwa, na hawa wangu wanatazama kibuyu? Sema wewe, ningefanya nini? Kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu ng'ombe yenu ikauke.”

Kanyamibwa aligeuza kofia mikononi. Adelaïde aliokota ganda la kiazi, akalila, na mama yake hakumkataza.

“Nitakupa ng'ombe,” Kanyamibwa alisema.

“Ng'ombe gani?”

“Ile.”

“Matabishi?” Mukabaranga alicheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho. “Kapita, wewe unanitafuta nini? Baba yangu alipokea ng'ombe ya namna hiyo kwa mufugaji mumoja. Akalima shamba la mwenye ng'ombe mupaka meno ikamutoka. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kusalimu asubuhi, vichwa chini. Sasa mimi pia nikuwe muntu wako? Na nitamulisha wapi? Malisho yote uliyajaza maua.”

“Basi unataka nini?”

“Niko na shamba. Uliingia ndani yake watu wakitazama, ukang'oa maharagi na mukono yako. Nataka kuona mukono hiyo ndani yake tena. Mbele ya mvua kuanza.”

“Wamesema ni fimbo.”

“Siku ile mimi pia niliogopa fimbo,” alisema mjane. “Sasa unajua vile inakuwa.”

*

Waliuza ng'ombe Kashebere, ambako njia inashuka kuelekea porini. Kule Walikale Wazungu walikuwa wanachimba mawe ya bati, na kambi za wachimbaji zilikuwa zinakula nyama na maharagi bila kushiba. Ndiyo maana siku ya soko maharagi yalikuwa ghali, na ng'ombe, ambao kila mtu alikuwa amewateremsha wakati mmoja, walikuwa rahisi.

Mnunuzi alimfinya Gaju mgongoni, akamtazama Kanyamibwa toka kofia mpaka miguu.

“Wewe pia ni wa maua?”

“Ni wa maua.”

“Munashuka wote kama muliitwa na kengele. Juzi nilimununua mumoja, muzuri kuliko huyu, kwa bei naona haya kuisema.”

“Huyu anakamuliwa,” Mukagasana alisema. “Ndama ni huyu hapa.”

“Mama, kule anakokwenda hakuna atakayemukamua.”

Mukagasana aligeuka akatazama upande wa msitu. Alikuwa amejifunga kitambaa kizuri, cha misa, kana kwamba anasindikiza mtu. Kamba ilipopita mkono mwingine, Gaju alikwenda bila shida, ndama nyuma yake akikimbia kidogo ili asiachwe.

Mwuza maharagi aliuliza, “Ya kula ao ya kupanda?”

“Ya kupanda.”

“Ya kupanda iko na bei yake.”

Kanyamibwa alianza kubishana, halafu akaacha. Alitoa faranga yote ya ng'ombe. Kile walichopata, yeye na mke wake walikibeba mgongoni wao wawili tu, wakapanda kilima bila kuomba mtu awasaidie. Njiani Mukagasana alisema jambo moja tu.

“Ng'ombe muzima na mutoto wake. Na siwezi hata kusema muzigo ni muzito.”

*

Siku aliyochagua haikuwa ya siri. Jua lilikuwa limetoka, watu walikuwa wanateremka kisimani, na kila mmoja alimwona kapita wa maua akichomeka fimbo pembeni ya shamba la mjane na kutundika kofia yake juu yake. Halafu akainama, akashika shina la kwanza la pareto, akavuta. Mizizi ilikuwa imeshika. Alileta jembe.

Watu walisimama kwenye njia. Nzabonimpa, jirani wa juu, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa kukubali maua, alikuja mpaka mpakani.

“Kapita, umelala vibaya? Hiyo ni maua ya kampuni.”

“Najua.”

“Na yangu utakuja kung'oa lini?”

Watu walicheka. Kanyamibwa alifuta jasho.

“Ng'ombe ya matabishi ilikuwa moja, kaka.”

“Moja, ndiyo,” alisema Nzabonimpa, naye hakucheka. “Lakini nyumba zilizoinunua zilikuwa nyingi.”

Watu waliacha kucheka. Walitawanyika mmoja mmoja na ndoo zao. Kanyamibwa aliendelea kulima, lakini sasa alikuwa hawezi kuinua kichwa, maana kila alipokiinua aliona kilima, na kilima kilikuwa cheupe toka chini mpaka juu, shamba la huyu na shamba la yule, na milango yote hiyo alikuwa ameipigia hodi yeye.

Mukagasana na Mukabaranga walikuja nyuma yake na mbegu. Walipanda pamoja, mmoja akichimba shimo, mmoja akitupa. Mara moja mikono yao ilikutana kwenye bakuli. Mukagasana aliona kwamba mjane amekwisha kuchanganya majivu kwenye mbegu ya akiba. Alitaka kuomba msamaha, lakini akasema, “Mvua iko karibu.”

“Iko karibu,” alijibu Mukabaranga.

Katikati ya mchana mjane alileta chakula, kwa sababu anayekulimia lazima umlishe. Ilikuwa kiazi kimoja, kilichochomwa vizuri, juu ya jani la mgomba. Kanyamibwa alikitazama. Aliona watoto wawili wamekaa kwenye kivuli cha nyumba wakikitazama nao. Alikula nusu, akasema ameshiba.

“Maliza,” Mukabaranga alisema. “Usinitie haya mbele ya watoto wangu.”

Akamaliza.

*

Polisi walimchukua kabla maharagi hayajatoa jani. Fimbo alipigiwa mbele ya depo, Védaste akiwa ndani na mlango umefungwa, vumbi ao si vumbi. Kofia alipewa mwingine. Amandi ilikula ng'ombe mzee aliyebaki, yule aliyetoka kwa baba yake, na Kanyamibwa alikaa kwenye kifungo mpaka mvua ikapita katikati.

Mukagasana alilima shamba lao peke yake, na Emérita akimsaidia. Alipanda zile mbegu za soko zilizobaki, lakini alipanda akiwa amechelewa. Maharagi yalitoa maua wakati mvua ilikuwa kali kabisa. Maua yakaanguka, majani yakawa na kutu, na walichovuna kilitosha kwa siku chache za kula. Akiba hawakupata.

Shamba la mjane lilikubali. Muzungu wa kampuni alipita siku moja kwenye njia, akasimamisha motokari, akatazama mraba ule wa kijani katikati ya weupe, akaandika kitu, akaendelea na safari. Hakurudi. Watu walianza kuchomeka maharagi kati ya mistari ya pareto, kwanza kidogo, halafu bila kujificha. Walikuwa wanamsalimu Kanyamibwa wakikutana naye, naye alikuwa anaitikia akitazama miguu yao. Hakuna aliyemwita Kapita tena, isipokuwa watoto, ambao hawakujua kwamba ni jina lenye maumivu.

Asubuhi moja, wakati wa mavuno, Emérita alitoka kisimani akiwa na mzigo ambao hakwenda nao. Kilikuwa kitunga, si kile cha mama yake. Kilikuwa cha Mukabaranga, kipya, kimesukwa kwa majani mabichi. Kilijaa maharagi mpaka mdomoni, makubwa, ya rangi, yaliyochaguliwa moja moja. Hayakuwa na majivu. Yalikuwa ya kula.

Mukagasana alikipokea kwa mikono miwili. Kanyamibwa alikuwa amekaa karibu na moto, mgongo wake, tangu zile fimbo, ukiwa haujazoea tena kuegemea ukuta.

“Ulikutana naye wapi?”

“Alikuja mwenyewe kunitafuta kisimani.”

“Alisema nini?”

“Alisema ni ya papa na mama.”

Mukagasana alimimina maharagi kwenye chungu, polepole, akisikiliza yanavyoanguka. Kitunga kilipokuwa kitupu alikigeuza, akakipiga kidogo, akakiweka wima. Halafu akaanza kuzunguka nyumba. Alifungua chungu cha chumvi, akakifunga. Aligusa kibuyu cha maziwa kilichokuwa kimetundikwa, kikavu, kinanuka moshi. Alitazama nje, kwenye zizi, ambamo majani yalikuwa yameanza kuota. Mwisho akatazama juu, kwenye kichanja, na Kanyamibwa naye akatazama huko. Pareto yao ya mwaka ule, ile ambayo kamio haikuja kuichukua, ilikuwa bado pale, imefungwa vizuri kwa kamba.

Hakuna kati yao aliyenyoosha mkono.

“Mama,” Emérita alisema, “tutakirudisha na nini?”

Mtoto alikumbuka kitu.

“Alisema pia, nikwambie hana haraka na kitunga.”

Kanyamibwa aliinamisha kichwa. Kitunga kilibaki wima karibu na mlango, na kila aliyetaka kutoka ilibidi akizunguke.